Watoto Tuliowapamba kwa Ajili ya Serikali

Mjukuu wangu huoga maji ya moto hata katika ile miezi ambayo mabati ya nyumba yanawaka jua mpaka mtu anakimbilia nje. Wenzake wanaruka mtoni tangu asubuhi, maana sisi ni watu wa maporomoko, na mtoto wa kwetu anajua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Yeye hukaa juu ya jiwe akiwa amevaa sweta, anawalindia nguo zao. Asiyemjua anafikiri ni msichana mwenye maringo. Lakini maji ya baridi yakimgusa vibaya, mifupa huanza kumuuma kabla siku haijaisha, na akianza kuumwa nyumba nzima inaumwa pamoja naye.

Ana ule ugonjwa wa damu ambao madaktari wetu wanauita drepanositozi. Nimesikia kwamba mahali pengine Waswahili wanauita selimundu, kwa sababu chembe za damu, badala ya kuwa za mviringo, zinajikunja kama mundu na kuziba njia. Mtaani kwetu tunasema tu SS. Amezaliwa nao. Nusu alipewa na mama yake na nusu na baba yake, bila wao wenyewe kujua kwamba walikuwa na kitu kama hicho cha kumpa mtoto.

Mama yake ni binti yangu wa mwisho. Baba wa mtoto alikwenda upande wa Bafwasende kutafuta dhahabu. Kwanza alikuwa anatuma salamu kwa madereva wa malori, halafu salamu zikapungua, halafu madereva nao wakabadilika. Kwa hiyo binti yangu na mtoto wake wanaishi nasi, mimi na mke wangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mkatekista wa parokia tangu ujana wangu. Shule niliiacha kwa uzee, lakini katekisimu bado ninafundisha. Watu wananiita papa mkatekista, hata wale ambao hawakanyagi kanisani.

Tulizunguka sana kabla ya kujua jina la ugonjwa. Mikono ilimvimba akiwa bado ananyonya, tukasema ni baridi. Macho yakawa ya njano, tukasema ni ini. Jirani mmoja alisema mtoto ana undoki, yaani uchawi, na mwingine akasema ukoo wa baba haukupewa haki yake na ndiyo maana mtoto analia. Mimi nilisali. Sikuona wakati ule, wala sioni leo, ugomvi wowote kati ya sala na sindano. Mungu aliyenipa magoti ya kupiga ndiye aliyempa mwingine akili ya kupima damu.

Aliyeipima alikuwa masera mmoja, mtawa mwuguzi, mwenye kituo kidogo nyuma ya zahanati ya parokia. Alituketisha, akatuchorea kwenye karatasi chembe ya damu iliyo nzima na ile iliyojikunja, akatuambia kwa upole kwamba ugonjwa huu hauondoki, lakini mtoto anaweza kuishi nao akilindwa. Anywe maji mengi, asilale bila chandarua, asipigwe na baridi, na ameze vidonge fulani kila siku. Vidonge hivyo masera alikuwa anavipata kwa marafiki wa shirika lake walioko ng'ambo, na alivigawa bure.

Mwaka ule wa vidonge ulikuwa mwaka wa neema nyumbani kwetu. Mtoto alimaliza darasa lake bila kubebwa hospitali hata mara moja. Alijifunza kuruka kamba. Mke wangu alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi, anamtazama anaruka, mpaka chakula kinaungua. Katika maisha yangu nimejifunza kwamba kuna furaha ambazo mtu huzishika kimya, kama mtu anayebeba maji ndani ya sahani.

Kisha masera alituita sisi wazazi wote na kutuambia kwamba marafiki wale wamezeeka, wengine wamekufa, na hawataweza kutuma tena. Vilivyobaki ni vile vilivyoko kabatini. Lakini hakutuambia hilo tu. Serikali ilikuwa imetenga fedha za kusaidia vituo vinavyotunza watu wa SS katika majimbo, na yeye alikuwa ameomba. Jibu lilikuwa limefika: kamati itatoka Kinshasa, itakuja kuona kwa macho yake, na ikiridhika kwamba kuna haja, kituo chetu kitapata msaada huo. Ungelipia vidonge, ungelipia kupima watoto wanaozaliwa, na damu ya kuongezewa wale wanaoishiwa. Isiporidhika, basi. Kila mmoja wetu alielewa basi hiyo maana yake nini. Mimi nilimtazama binti yangu, naye alikuwa anatazama kabati.

Hapo ndipo maandalizi yalipoanza, na hapo ndipo tulipopotea.

Chama chetu cha wazazi kilikuwa na mwenyekiti mwanamke, tukimwita mama prezida. Anauza vitenge kwa jumla katikati ya mji, kule Makiso, na watu wake walitoka Kivu ya Kaskazini zamani kidogo kwa biashara. Ni mtu wa sauti kubwa na mkono mkubwa pia. Siku ambazo mzazi fulani hakuwa na kitu cha kumpa mtoto hospitalini, chungu kilitoka kwake. Mwana wake wa pili ana SS. Wakati masera anahangaika katika ofisi za mjini na baadaye kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege, mapokezi yote aliyaacha mikononi mwa mama prezida, na mikono hiyo haijui kufanya jambo nusu.

Alitukusanya akasema, "Leta haiyi kwetu kila siku. Ikikuta uchafu na vilio, itageukia mulangoni."

Leta ndivyo tunavyoiita serikali, kama vile ni mtu mmoja anayesafiri na sanduku.

Ili msomaji asituone wajinga, nieleze kidogo. Sisi sote tulilelewa na siku ya inspekta. Shuleni, ikitangazwa kwamba inspekta anakuja, mwalimu alipaka chokaa mawe ya uwanjani, akaweka wenye akili mstari wa mbele, na wale wenye kamasi, wenye vidonda, wenye kigugumizi, aliwaambia wabaki nyumbani siku hiyo. Mwalimu wangu alifanya hivyo, nami nilipokuwa mwalimu nilifanya hivyo, na hakuna aliyeona kwamba ni uongo. Ilikuwa heshima. Mgeni aliyetoka mbali humtupii mashaka yako usoni kabla hajanywa maji. Na zaidi ya heshima, tulikuwa tumeona wenyewe kwamba vitu huenda kwa waliopendeza: shule yenye mawe meupe zaidi ndiyo iliyoletewa madawati.

Kwa hiyo mama prezida aliposema kwamba watoto wanaoumwa siku hiyo wabaki nyumbani, na wenye macho ya njano sana nao wabaki, na yule kijana anayetembea na fimbo kwa sababu ya nyonga asije kabisa, hakuna aliyebisha. Baba mmoja, mvuvi mwenzetu wa maporomoko, ndiye aliyeuliza kwamba sasa nani atajaza mabenchi.

"Kila mugonjwa iko na ndugu," mama prezida akamjibu. "Wewe wa kwako wale wanene, leta wote."

"Nikileta wote, chakula ya wageni itaisha mbele ya wageni kufika."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu habari ya kabati.

Mimi nilipewa kazi ya wimbo. Tulitunga maneno ya kuishukuru serikali kwa moyo wake wa huruma, tukayatia katika sauti ya wimbo wa kutoa sadaka, ambao watoto wote wanaujua. Mjukuu wangu aliimba vizuri kuliko wengine, na wakati ule alikuwa mzima, kwa hiyo nikampa kuanzisha ubeti wa kwanza peke yake. Mama prezida alitoa kitenge cha rangi moja kwa watoto wote. Binti yangu alimshonea gauni lenye mikono ya kujaa hewa, na mtoto alilivaa na kulivua mara nyingi sana mpaka bibi yake akalificha.

Siku moja kabla ya wageni, mguu ulianza kumuuma. Mchana alisema ni kidogo. Jioni hakuweza kuukanyagia. Binti yangu alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akampa maji anywe, akampa dawa ya maumivu, na asubuhi mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo, ile ambayo sisi tunaijua, ya mtu anayeogopa kwamba hata kilio kitamtikisa mfupa. Hapakuwa na neno la kuamua. Alikuwa mgonjwa, na wagonjwa walikuwa wanabaki. Gauni alivalishwa mtoto wa dada wa mama yake, ambaye hana SS, na nikamfundisha ubeti wa kwanza tukiwa njiani. Mke wangu alibaki nyumbani. Nilipoinama kumwekea mjukuu wangu ishara ya msalaba kwenye paji la uso, aliniuliza kama huyo binamu yake anajua kwamba mstari wa pili unapanda juu. Nikamwambia anajua. Alikuwa hajui, lakini nilijua nitamfundisha.

Kituo kilikuwa kizuri siku ile. Ua lilikuwa limefagiwa hadi udongo ukaonyesha mistari ya fagio. Akina mama walikuwa wamepanga samaki wakubwa wa maporomoko kwenye sinia, na mabenchi yalikuwa yamejaa watoto waliopakwa mafuta, wanang'aa, wamenyooka, wenye mashavu. Nilipowatazama kutoka pembeni nilijiona kama mtu aliyesahau kufunga mlango nyumbani. Lakini gari lilikuwa limeshaingia.

Wageni walikuwa watatu. Kijana mmoja wa idara ya afya ya hapa jimboni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasindikiza. Bwana mmoja wa makamo mwenye suti na mkoba, aliyeshughulika na mambo ya fedha. Na daktari mwanamke, mfupi, amevaa viatu vya chini kama mtu anayejua atatembea. Masera alishuka mwisho. Nilimwona anatazama mabenchi, anatafuta, na uso wake unabadilika, lakini ngoma ilikuwa imeanza na mama prezida alikuwa ameshamshika bwana wa mkoba mkono na kumpeleka kwenye kiti.

Watoto waliimba. Mstari wa pili ulipanda juu inavyotakiwa. Bwana wa mkoba alipiga makofi na kutabasamu kweli kweli, akapokea maua, akasema maneno machache ya Kifaransa kwamba amefurahi kuona watoto wenye afya hivi.

Daktari hakuketi. Alipita mbele ya benchi la kwanza polepole. Alimshika mvulana mmoja kidevu, akamvuta chini ngozi ya jicho kwa kidole, akatazama. Akambonyeza tumbo upande wa kushoto. Akaenda kwa wa pili, akafanya vilevile. Kwa wa tatu aliinama na kumwuliza kwa Kiswahili, maana alikuwa amekulia upande wa mashariki, kama yeye ana SS.

"Hapana, mama dokta," mtoto akajibu kwa sauti ya shule, amesimama wima. "Mimi niko muzima. Ni yaya yangu, dada mukubwa, ndiye iko na SS. Iko kwa nyumba. Walimukataza kutoka."

"Na wewe?" akamwuliza wa jirani yake.

"Mimi nilikuja kuimba tu. Walisema tutakula."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama prezida alijaribu kusema kwamba watoto hawa ni wa familia zetu, kwamba katika Afrika ugonjwa ni wa familia nzima, na daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo lililokuwa zito kuliko kukatizwa.

Bwana wa mkoba ndiye aliyesema. Hakusema kwa ukali, nami nitamtendea haki. Alieleza kwamba fedha hizi ni chache na majimbo ni mengi, kwamba yeye alitumwa kuona mahali haja ilipo kubwa, na kwamba anachoona hapa, kwa bahati njema, ni kituo ambacho watoto wake wana nguvu. Ataandika alichokiona. Hawezi kuandika asichokiona. Ndege yao ilikuwa ya alasiri ile ile na njia ya uwanja wa ndege ni mbovu, kwa hiyo akashukuru kwa mapokezi, akafunga mkoba. Masera alimwambia kwamba wagonjwa wapo, amewapima yeye mwenyewe, majina yao yapo. Akajibu kwa adabu kwamba majina anayo hata Kinshasa.

Katika miaka yote ya kufundisha nimewaambia wakatekumeni kwamba Bwana wetu alikuwa analetewa wagonjwa. Watu walimletea vipofu, walimletea waliopooza juu ya mikeka yao, na hakuna mahali paliposemwa kwamba walimchagulia wazima ili wampendeze. Hayo nilikuwa nayajua, na nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu ya kuongozea wimbo.

Binti yangu alikuwa anabeba sinia la samaki. Aliliweka chini, kwenye udongo uliofagiwa, akaenda akasimama mbele ya daktari. Mama prezida alimvuta kitenge kwa nyuma. Hakugeuka.

"Mama dokta, tuliwaficha," alisema. "Wa kwangu iko kwa nyumba. Mguu unamuuma tangu jana. Gauni ile ni yake." Akamwonyesha mtoto wa dada yake, ambaye aliangalia gauni lake kama vile limeanza kumwasha.

"Nyumbani ni mbali?"

"Kwa maporomoko. Gari haiingii mpaka mwisho."

"Kama gari haiingii, nini inaingia?"

"Toleka," akasema binti yangu.

Toleka ni baiskeli za kubebea abiria, na palikuwa na vijana kadhaa barabarani wakisubiri, maana sherehe huleta abiria. Daktari alimwambia mwenzake jambo moja kwa Kifaransa, kwamba ndege zipo kila juma, akatoka. Alikaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, miguu upande mmoja kama mwanamke wa kwetu, na binti yangu akapanda nyingine, nami nyingine. Nyuma yetu nilisikia sauti ya mama prezida, lakini haikuwa ile ya asubuhi. Alikuwa anawaambia akina mama, "Bon, kimbieni sasa. Kila mutu alete wake. Na yule wa fimbo, nendeni mumubebe." Baadaye niliambiwa kwamba yeye mwenyewe alivua viatu vyake vya kisigino na kukimbia kumchukua mwanawe.

Tulipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wa mtoto upo mapajani mwake. Alipomwona mgeni alitaka kuamka kutafuta kiti. Daktari alimzuia kwa mkono, akaketi chini kwenye mkeka na nguo zake nzuri. Mjukuu wangu alikuwa amevaa fulana ya zamani iliyokuwa ya mjomba wake, yenye tundu begani. Alifunika lile tundu kwa mkono.

"Unisamehe, mama," alisema. "Sikuvaa nguo ya wimbo."

Daktari aliupima mguu, akagusa paji la uso, akatazama macho, akabonyeza tumbo kama alivyofanya kwa wale wengine, na safari hii mkono wake ulikaa hapo zaidi. Kisha akauliza kuhusu vidonge. Nilisema anameza kila siku, tangu alipoanza. Binti yangu akainamisha kichwa.

"Si kila siku, papa," alisema kwangu, si kwa daktari. "Tangu masera alisema zitaisha, minamupa siku moja, siku moja minaacha. Nilitaka zifike mbali."

Hakuniambia mimi, hakumwambia mama yake, hakumwambia masera. Alikuwa amebeba hesabu hiyo peke yake, kila asubuhi, akiamua kama leo ni siku ya kidonge au siku ya kuomba kisije kutokea kitu. Daktari alimshika goti. Alimwambia kwamba mama wengi wanafanya hivyo, mahali pengi, na kwamba si kosa la mama ikiwa kopo lina mwisho.

Ndipo nilipoona kwamba bwana wa mkoba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametufuata, naye kwa toleka, na suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini, kwa sababu mwendesha baiskeli wake alimshusha kwenye dimbwi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anaweza kubebwa, na alipoambiwa anaweza, yeye mwenyewe aliushika upande mmoja wa mkeka. Tulimbeba hivyo mpaka pale gari lilipoweza kufika. Mtoto alipiga kelele mara moja tu, tulipovuka jiwe.

Kituoni mabenchi yalikuwa yamebadilika. Wale watoto wanene walikuwa wamesimama ukutani, wanakula samaki wa wageni. Kwenye mabenchi walikuwa wenye macho ya njano, na kijana wa fimbo, na mwana wa mama prezida amelala kichwa mapajani mwa mama yake, ambaye hakuwa na viatu. Masera alimtundikia mjukuu wangu maji ya mshipa. Daktari alifanya kazi hadi jua lilipolala, na ndege iliondoka bila wao. Walikaa mpaka safari iliyofuata, wakala ugali na sombe ya majani ya muhogo pamoja nasi, na hakuna aliyewaimbia.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilifunguka siku ile. Ilibidi kungoja. Vidonge vya kabati vilikwisha kabla msaada haujafika, na kulikuwa na kipindi ambacho mjukuu wangu alilazwa, na kipindi ambacho damu ilitafutwa mji mzima, na mvuvi mmoja mwenzetu, yule wa watoto wanene, alitoa ya kwake akidai kwamba ina nguvu ya samaki. Mtoto mmoja wa chama chetu tulimzika katika miezi ile. Nilimsomea sala mimi mwenyewe kaburini, na ninamwombea hadi leo. Subira ninayowafundisha watu ni neno zuri likisemwa kanisani. Likiwa kitandani mwa mtoto lina uzito wake.

Kisha msaada ulikuja. Haukuwa wote waliouahidi. Fedha ya damu haikutosha, na bado haitoshi, na masera bado anaandika na kupanda ngazi za ofisi. Lakini vidonge vilikuja, na vya kupimia watoto wachanga vilikuja, na sasa mtoto akizaliwa katika uzazi wa parokia anachomwa kisigino na kutolewa tone moja la damu, na mama yake anajua mapema kile ambacho sisi tulikijua kwa kuzunguka. Nimemshukuru Mungu kwa hilo, na nimeishukuru serikali pia, bila wimbo. Mtu akikutendea wema ambao ulikuwa wajibu wake, bado ni wema.

Kamati ilirudi baada ya mwaka kuona fedha yake inafanya nini. Daktari ni yule yule. Safari hii mama prezida alisimama getini kama askari, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtoto mzima anayeingia. Alimrudisha hata mjukuu wa mwenyekiti wa parokia. Akina mama waliwaleta wote walio na maumivu, wengine kwa toleka, wengine mgongoni, na wengine, nadhani, waliwaambia watoto wachechemee kidogo.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi karibu nami kwenye foleni. Alikuwa amekuwa mrefu. Siku ile hakuwa na maumivu yoyote. Asubuhi nilimwona anaruka kamba. Kadiri foleni ilivyosogea ndivyo alivyozidi kunisogelea. Halafu akaniegemea.

"Koko," alininong'oneza, maana ndivyo anavyomwita babu yake, "niseme mguu unauma?"

Nilimwuliza kwa nini aseme hivyo.

"Wakiona niko muzima, watachukua dawa."

Yalikuwa mashaka ya mama yake yaliyoingia ndani yake, na yalikuwa ya mama prezida, na ya wale tuliopaka mawe chokaa, ila yamegeuzwa upande wa pili. Tangu zamani tunajiuliza Leta inataka kuona nini, ili tuionyeshe hicho. Nilimwambia aseme kama ilivyo. Nilimwambia hivyo na moyo wangu mwenyewe haukuwa umetulia, maana sikujua bwana wa mkoba, ambaye safari hii hakuja, alikuwa amemwachia daktari maagizo gani.

Zamu yake ikafika. Daktari alimtambua, akamvuta ngozi ya jicho, akambonyeza tumbo, akamwuliza anaumwa wapi.

Mtoto alinitazama, halafu akamtazama daktari.

"Leo siumwi," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Asubuhi niliruka kamba."

"Na vidonge?"

"Kila siku. Mama ananisimamia mpaka nameza."

Daktari aliandika. Aliandika kwa muda, na binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alinishika bega. Kisha daktari akachukua kopo jipya kutoka kwenye sanduku lililokuwa pembeni yake, akaliweka mikononi mwa mtoto.

"Uruke kamba, hiyo ndiyo kazi ya dawa yake," alisema. "Nenda, mwanangu. Aliye nyuma yako asogee."

Mjukuu wangu alilishika lile kopo kwa mikono miwili, akaenda kumwonyesha mama prezida getini. Mimi nilibaki nimeketi kidogo pale foleni ilipokuwa inapita, nikamaliza fumbo moja la rozari, halafu nikainuka.